Ushauri: nyumbani kabisa, mseto au ofisini, kwa anayesaka cheo cha msimamizi?

Dada Mchambuzi
Wakuu, habari za saa hizi. Ni mchambuzi wa data kwenye kampuni ya usambazaji, ofisi iko Posta, nakaa Kibaha. Tumepewa fomu ya kuchagua: ofisini siku zote 5, mseto (ofisini 3, nyumbani 2), au nyumbani moja kwa moja. Baada ya tathmini ya Desemba itatangazwa nafasi ya msimamizi wa timu, na naitaka kweli. Kazi yangu yote iko kwenye kompyuta, na foleni ya Morogoro Road inanimaliza. Nikichagua nyumbani nitakuwa nimejifungia njia?

Mzee wa Tathmini
Dada, usichague nyumbani kabisa kabla nafasi hiyo haijapata mtu. Upo utafiti wa mchumi Nicholas Bloom na wenzake, uliochapishwa 2015, uliofanyika kampuni ya Ctrip ya China. Wahudumu wa simu waliofanyia kazi nyumbani siku 4 kwa wiki, kwa miezi 9, walitoa kazi zaidi kwa asilimia 13 kuliko wenzao wa ofisini. Ila ukiwalinganisha watu wenye utendaji sawa, wale wa nyumbani walipandishwa vyeo karibu nusu tu ya wenzao.

Cheo huamuliwa kwenye kikao ambacho wewe haumo. Mameneja wanaweka majina mezani, kila mmoja anamsemea mtu wake. Meneja wa idara nyingine akiuliza "huyu ni nani?", jina limeshaanguka. Wa nyumbani mara nyingi anajulikana na bosi wake tu, na bosi akihama anaanza upya.

Halafu kuna kukaimu. Bosi akienda likizo, kiti anaachiwa anayeonekana, na aliyekaimu vizuri ndiye wa kwanza kutajwa nafasi ikitokea. Uliza mapema bosi anachukua likizo lini, wiki hizo uwe ofisini siku zote, na uombe barua ya kukaimu hata kama ni siku 5. Bila barua, faili lako halina kitu.

Siku Tatu
Naunga mkono mseto. Kampuni hiyohiyo, ikiitwa Trip.com, ililinganisha wafanyakazi 1,612: wengine ofisini siku zote, wengine nyumbani Jumatano na Ijumaa. Matokeo yalitoka 2024. Walioacha kazi kwenye kundi la mseto walipungua kwa theluthi moja, na kwa miaka 2 vyeo havikutofautiana.

Shida ni kuchagua siku ovyo. Ukienda Jumatatu na bosi yuko mikoani, umekula foleni bure. Fungua kalenda yake ya miezi miwili nyuma uone siku gani anakaa, na siku gani idara za mauzo na ghala wana vikao. Hizo ndizo zako. Kazi za kujifungia, kama kusafisha data, peleka nyumbani.

Fundi Ripoti
Kwa siku za nyumbani, Ijumaa kabla ya saa 4 asubuhi tuma barua pepe ya mistari mitatu: kilichobadilika, kilichokwama, na nani anasubiriwa. Usiandike "nimeshughulikia ripoti za kanda". Andika hivi: "Ripoti ya Kanda ya Ziwa sasa inatoka Jumatatu saa 3, zamani Jumatano. Mwanza bado, nasubiri hesabu za ghala." Bosi anaweza kuusoma mstari huo kikaoni kama ulivyo.

Umeme nao. Ukipotea katikati ya kikao mara mbili tatu, watu wanakukumbuka kwa hilo. Nunua UPS ndogo ya ruta (betri inayoiwasha umeme ukikatika), lakini soma kwanza maandishi ya adapta: ruta nyingi ni volti 12, nyingine 9, na ukikosea unaiunguza. Kama fiba yako ina kisanduku chake mbali na ruta, vyote viwili vinahitaji umeme. Watu wanawasha ruta tu kisha wanashangaa intaneti haipo.

Dada Mchambuzi
Asanteni sana. Kwenye fomu yenyewe niangalie nini?

Mzee wa Tathmini
Mambo manne. Kituo cha kazi: kikiandikwa nyumbani kwako, posho ya usafiri inaweza kuondoka. Muda wa majaribio: omba miezi 3, na haki ya kurudi ofisini iandikwe. Siku za ofisini: nani anaweza kuzibadilisha, na kwa taarifa ya siku ngapi. Mwisho, vigezo vya cheo. Muulize bosi ana kwa ana: "Waliopandishwa miaka 2 iliyopita, wangapi walikuwa nyumbani?" Akishajibu, mwandikie barua pepe siku hiyohiyo ukirudia mlichoongea, na nakala iende rasilimali watu. Fanya hivyo kabla ya kusaini. Ukishasaini huna tena cha kujadiliana nao.