Rodopsini inanasa juu ya jeli, opsini ya koni haionekani kabisa

Maabara_Moshi: Wakuu, tunaandaa zoezi la wanafunzi: kutofautisha opsini, yaani protini zinazonasa mwanga, za seli rodi (za mwanga hafifu; opsini yao ni rodopsini) na seli koni (za rangi) kwenye retina ya ng'ombe. Macho tunayachukua machinjioni asubuhi, yakiwa kwenye barafu. Sampuli tunaichanganya na bafa ya SDS (sabuni inayokunjua protini), tunaichemsha nyuzi 95 kwa dakika 5, halafu jeli ya 10% ya kutenganisha protini kwa ukubwa. Kingamwili 1D4, inayoshika rodopsini, inatoa doa zito karibu na kisima tunapoweka sampuli. Kwenye kilodaltoni 40, ukubwa wa rodopsini yenyewe, ni kivuli tu. Kingamwili ya koni nyekundu na kijani haitoi kitu. Retina imeharibika njiani? Na ipo kingamwili ya kutenganisha nyekundu na kijani?

Mkata_Retina: Tatizo ni kuchemsha. Rodopsini inapita kwenye utando wa seli mara 7, na vipande hivyo vinakimbia maji. Moto ukivifungua vinanatana vyenyewe kwa vyenyewe, na bonge hilo haliingii kwenye jeli. Acha sampuli ndani ya SDS kwenye joto la chumba dakika 30, basi. Punguza na kiasi: anza na mikrogramu 1 ya protini kwa kisima, maana retina imejaa rodopsini. Mstari wa pili karibu na kilodaltoni 75 hadi 80 usiwatishe, ni rodopsini mbili zilizoshikana.

Halafu, 1D4 inashika asidi amino 9 za mwisho wa mkia wa rodopsini. Mkia huo hukatwa kirahisi na vimeng'enya, kwa hiyo wekeni vizuizi vya protiazi (ndivyo vimeng'enya hivyo) tangu mnapotoa retina. Mwanga wa machinjioni hauharibu jambo hapa: unapausha rangi, opsini yenyewe inabaki.

Maabara_Moshi: Asante sana mkuu. Na koni?

Jicho_Arusha: Kwenye retina iliyosagwa koni zinamezwa na rodi, ambazo ni nyingi mno. Msisage, kateni. Ondoa mbele ya jicho na ute, weka kikombe kilichobaki kwenye paraformaldehidi 4% (dawa ya kuhifadhi tishu) kwa saa 2 hadi 4, kisha sukrosi 30% mpaka kizame. Kata mikroni 12 kwenye kriostati, mashine ya kukata tishu iliyogandishwa. Lektini ya karanga (protini inayoshika sukari) yenye rangi ya kung'aa itaonyesha ala za koni peke yake. Kingamwili ya GNAT2 nayo ni nzuri sana, kwa sababu tofauti haiishii kwenye opsini: rodi zinatumia transdusini (protini inayopokea ishara kutoka kwa opsini) ya GNAT1, koni ya GNAT2. Hata fosfodiesterasi, kimeng'enya kinachofuata, ni tofauti: PDE6A na PDE6B kwa rodi, PDE6C kwa koni.

Nyekundu na kijani msihangaike nazo. Ng'ombe ana aina mbili tu za koni, ile ya buluu na moja ya mawimbi marefu. Hata kwa binadamu kingamwili hazizitenganishi: kati ya asidi amino 364 zinatofautiana takriban 15, na mkia ni uleule. Nafasi 180, 277 na 285 ndizo zinazosogeza kilele kutoka karibu nanomita 530 hadi 560. Ziko ndani ya utando, kingamwili haizifikii. Kuzitenganisha hapo ni kusoma jeni zake kwenye kromosomu X. Opsini ya buluu ndiyo ina kingamwili yake. Itieni pamoja na 1D4 kwenye kipande kimoja, kila moja na rangi yake, wanafunzi wahesabu.