Tupeane uzoefu: siku darasa langu lilipojenga minara ya chelewa, na ndimu iliyobaki mfukoni

Mwalimu wa Pwani (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha hesabu na fizikia kidato cha pili, shule ya kata huku Tanga, mwaka wa tisa sasa. Kuna jambo nililiona darasani Alhamisi iliyopita ambalo bado sijalimaliza kichwani, na ningependa kusikia ya kwenu.

Wengi mnaujua ule mchezo wa mnara wa tambi. Aliubuni mbunifu Peter Skillman, kisha mtaalamu wa ubunifu Tom Wujec akaueleza mwaka 2010 na ukasambaa duniani. Kikundi cha watu wanne kinapewa tambi kavu 20, utepe wa gundi wa yadi moja, kamba ya yadi moja na pipi moja laini inayobonyea kama sponji. Ndani ya dakika 18 wajenge mnara unaosimama wenyewe, pipi ikiwa juu kabisa. Wujec aliwajaribu watu wa kila aina na akakuta watoto wa chekechea wanawashinda wahitimu wapya wa vyuo vya biashara.

Mimi nina wanafunzi 64. Tambi za vikundi 16 ni gharama, na hiyo pipi huku kwetu utaitafuta mpaka uchoke. Nikaenda sokoni nikanunua mafagio manne ya chelewa, nikayafumua, nikakata njiti zote sentimita 25. Selotepu roli moja ilitosha. Kamba ya katani hatuitafuti Tanga. Badala ya pipi, ndimu. Ndimu ni nzito kuliko ile pipi, lakini chelewa nayo ni ngumu kuliko tambi.

Kikundi cha dirishani kilikuwa na kijana anayeongoza darasa tangu kidato cha kwanza. Walitumia dakika saba kuchora. Mchoro ulikuwa mzuri kweli, kwa rula, na vipimo vimeandikwa pembeni. Nikapita nikawasifu. Wakaanza kufunga, kijana anaelekeza, wengine wanashikilia. Ndimu yao ilikuwa mfukoni mwa sketi ya binti mmoja. Nilimsikia mwenyewe akiuliza, "Tuijaribu?" Akajibiwa, "Bado." Baadaye akauliza tena. "Bado, utatuangushia."

Dakika ya 17 wakamwambia ailete. Aliiweka juu kwa mikono miwili, polepole. Mnara ukasimama kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha ukaanza kuinama kama mtu anayeokota kitu, selotepu ikabanduka kwenye fundo la katikati, ndimu ikabiringika mpaka chini ya kabati.

Nyuma kabisa kulikuwa na kikundi ambacho, nasema ukweli, sikukitegemea. Hawakuchora chochote. Dakika ya tatu walishafunga njiti tatu kama mafiga na ndimu iko juu yake. Fupi, lakini imesimama. Wakapiga kelele, wakaubomoa, wakaongeza. Ukaanguka. Wakaongeza miguu. Ukaanguka tena. Ulipoanguka mara ya tatu mmoja akasema, "Haianguki upande huu, inaanguka ule ule kila siku," wakaimarisha upande ule. Walimaliza na sentimita 52.

Kati ya vikundi 16, vilivyosimamisha ni saba. Nikauliza walioangukiwa: tatizo lilikuwa wapi? Selotepu, mwalimu. Selotepu mbovu. Upepo wa dirishani. Kisha yule binti akasimama akasema, "Sisi ndimu ilikuwa mfukoni kwangu muda wote."

Hakuna aliyecheka. Kijana wetu wa kwanza aliangalia dawati.

Kwa miaka yote hii nilikuwa nafundisha kupanga kama kitu cha kufanya kabla ya kugusa kazi: panga, kisha tenda. Siku ile niliona mpango ambao haujabebeshwa ndimu bado haujawa mpango. Na aliyekuwa na ndimu ndiye hakusikilizwa. Nataka kusikia kwenu. Walimu, mafundi, wazazi, mliowahi kupewa kazi ya kikundi shuleni, ilikwendaje?

Mwalimu wa Gredi ya 5, Kilifi

Asante mwalimu kwa mada. Huku kwetu Kenya, Mtaala wa Umilisi, yaani wa kujenga uwezo wa kutenda, unaweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, kwa hivyo kazi ya vikundi ni ya kila wiki. Lakini kuwaweka watoto pamoja na kuwafanya washirikiane ni vitu viwili mbalimbali, na mimi nimeumia sana hapo katikati.

Yangu ni madaraja ya magazeti. Madawati mawili, nafasi ya sentimita 30 katikati, gazeti na gundi tu, daraja libebe vitabu. Mwanzoni niligawa vyeo: kiongozi, mwandishi, mtunza saa, mtunza vifaa. Wiki ya pili viongozi wote walikuwa wameketi wakiamuru, na mtunza vifaa amekumbatia gundi kama mali yake. Niliacha vyeo. Sasa nagawa vitu. Huyu peke yake anaruhusiwa kushika makasi, yule gundi, yule anakunja, yule anapima. Hakuna anayeweza kumaliza bila kumwomba mwenzake.

Halafu dakika tatu za kwanza hakuna kugusa. Kila mtoto anasema wazo moja, na anaanza yule ambaye kwa kawaida hasemi. Niliona ajabu muhula uliopita. Kulikuwa na mvulana ambaye tangu tufungue hakuwa ameinua mkono hata mara moja. Ilipofika zamu yake alinyamaza, wenzake wakangoja, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tulikunje kama marinda ya sketi ya sare." Dada yake anashona. Wakakunja gazeti marinda membamba membamba, wakalilaza juu ya madawati, na karatasi ile ile iliyokuwa ikilegea chini ya kitabu kimoja ikabeba vinne. Darasa zima likaja kuona. Tangu siku hiyo anaitwa Injinia, na mkono anainua.

Kipindi chetu ni dakika 35, hivyo hatumalizi siku moja. Natamani ningepewa vipindi viwili mfululizo.

Fundi Mbao, Morogoro

Mwalimu wa Pwani, waambie vijana wako wafanye hivi: wachukue njiti nne wafunge mraba, wausukume pembeni kwa kidole. Utalala. Wachukue tatu wafunge pembetatu, wasukume. Haiendi popote mpaka njiti ivunjike. Kenchi zote unazoziona juu ya nyumba ni pembetatu ndani ya pembetatu. Hicho kikundi cha nyuma kilianza na mafiga, ndiyo maana kilisimama mapema.

Yangu ilikuwa chuo cha ufundi, mwaka wa kwanza. Tulikuwa wanane, tukapewa kenchi nne za banda tuzitengeneze chini kabla ya kupandisha. Tukagawana wawili wawili, kila jozi kenchi yake, ili twende haraka. Kazi ilikwenda haraka kweli. Siku ya kupandisha, mbili zinakaa sawa, mbili zimepita kwa upana wa mbao. Jozi mbili zilipima kutoka ukingo wa ndani, mbili kutoka ukingo wa nje. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila mtu alikuwa sahihi kwake.

Mkufunzi hakufoka. Alizilaza kenchi zote chini, akamwambia kila mmoja aweke kidole pale alipoanzia kupima. Vidole vinane, pande mbili. Nakumbuka mpaka leo nilivyoona kidole changu kiko upande tofauti na cha rafiki yangu tuliyekuwa tunakula naye sahani moja.

Mpaka sasa, site yoyote, natengeneza kenchi moja ya mfano, vijana wote wanaipima, na nyingine zote zinalazwa juu yake kabla ya kupigwa misumari. Inachukua asubuhi nzima. Wateja wengine hawaelewi kwa nini asubuhi nzima hawaoni kitu kimepanda. Nawaeleza.

Mama Watatu

Naomba niseme la upande wa pili, na walimu msinichukulie vibaya. Binti yangu yuko darasa la sita. Mwaka jana alikuja nyumbani analia. Walipewa kazi ya kikundi, kutengeneza mfano wa mfumo wa upumuaji kwa chupa na maputo. Wenzake wawili hawakuja siku ya kazi, mmoja alikuja akacheza. Alifanya peke yake mpaka saa nne usiku, mimi namkatia maputo. Kikundi kizima kikapewa alama moja sawa. Akaniuliza, "Mama, ushirikiano ndiyo huu?"

Sikuwa na jibu. Napenda yote mnayosema hapa, ila naomba mtueleze kuhusu alama.

Mwalimu wa Pwani

Mama Watatu, pole sana, na umefanya vizuri kulileta. Mtoto aliuliza swali la haki kabisa.

Kwanza, kazi ya kikundi ya kupeleka nyumbani mimi nimeiacha. Nyumbani mwalimu haoni nani anashika nini, na mzigo unamwangukia mwenye mama mwenye huruma. Ifanyike darasani, mbele ya macho yangu, iishe pale.

Pili, mnara siupi alama kabisa. Wujec aliwahi kuwaahidi wanafunzi wa ubunifu zawadi kubwa yenye thamani ya dola 10,000. Vikundi kumi. Hakuna hata mnara mmoja uliosimama. Aliporudia na watu wale wale miezi minne baadaye, walipokuwa wameshajua umuhimu wa kujaribu mapema, walifanya vizuri. Zawadi nono kwa mtu asiyejua bado njia inamtia hofu, na mwenye hofu hajaribu kitu mbele za watu kwa sababu kujaribu ni kuangusha. Ninachokipa alama ni karatasi ya mtu mmoja mmoja baadaye: chora mnara wenu, onyesha ulipoanguka, eleza kwa nini, taja wazo moja la mwenzako lililobadilisha kazi. Hilo la mwisho ndilo linalonionyesha nani alikuwepo kweli.

Darasa la Mia

Mimi nina 112. Vikundi vya wanne vinakuwa 28, siwezi kuvizungukia. Nusu wanajenga, nusu wanatazama. Kila mtazamaji ana kikundi chake na anaandika mambo matatu: nani kasema, nani kasema lakini hakusikilizwa, na mzigo umewekwa juu kwa mara ya kwanza dakika ya ngapi. Kipindi kijacho wanabadilishana. Watazamaji wakiingia kujenga, mzigo unawekwa dakika za mwanzo kabisa, bila mimi kusema neno. Natumia magazeti ya zamani na jiwe. Gharama ni gundi tu.

Kidato cha Nne Zamani

Sisi yai. Kuliangusha kutoka ghorofa ya kwanza bila kuvunjika, na mwalimu alitoa yai moja tu kwa kikundi. Tulikuwa tunaogopa kulijaribu. Mwenzetu mmoja, mtoto wa muuza duka, akaenda jikoni akaomba mizani, akatafuta kokoto za uzito ule ule wa yai, tukazifunga kwenye plastiki, tukawa tunaangusha hizo na kuangalia plastiki imechanika vipi. Tulijaribu mara sita kabla yai halijaguswa. Lilishuka zima. Sasa hivi niko kwenye mambo ya usafirishaji wa mizigo, na kila tukifunga kitu cha kuvunjika namkumbuka yule jamaa na kokoto zake.

Mwalimu wa Pwani

Nimesoma zote mara mbili. Ya marinda niliwasomea wanafunzi darasani, Mwalimu wa Kilifi, na wakauliza Injinia anaitwa nani hasa.

Jumanne tumerudia. Vikundi vile vile, njiti mpya, ndimu mpya. Nimechukua la Kilifi la kugawa vitu: mmoja tu anagusa selotepu, mmoja tu anagusa ndimu. Na mraba na pembetatu za Fundi Mbao tulizifanya kwanza, dakika tano.

Safari hii imesimama minara 13. Kikundi cha dirishani, ndimu ilikaa katikati ya dawati tangu mwanzo. Yule kijana alishika kalamu, akaanza kuchora mstari mmoja, akaacha, akamgeukia binti na kumuuliza, "Ina uzito gani mkononi?" Akampa. Kijana akaipima kiganjani, akairudisha, wakaanza na miguu. Wamefika sentimita 38. Kikundi cha nyuma wamefika 61, na sasa wanataka kujua kama tutafanya madaraja.

Fundi Mbao, swali kwako. Mitatu iliyoanguka yote imeanza kuanguka kwa chini, miguu imeteleza juu ya dawati. Nisingependa kuwaruhusu kubandika mnara kwenye meza. Huwa mnafanyaje nguzo isiteleze kabla zege halijakauka?