Bustani ya shule ya msingi ikae wapi kwenye ramani?

Swali
Habari zenu, wadau. Nimo katika kamati ya ujenzi wa shule mpya ya msingi, na tumekubaliana kwamba watoto wasome wakiwa karibu na miti, udongo na maji. Ramani tuliyoletewa inaonyesha madarasa upande mmoja na bustani kubwa ng'ambo ya uwanja wa michezo. Wenzangu wameridhika; mimi naiona iko mbali mno. Mngerekebisha nini kwanza?

Jibu la msanifu majengo
Milango. Bustani ambayo mwalimu haifikii mpaka apange darasa zima kwenye mstari itatembelewa kwa nadra, hata ipendeze vipi. Kila darasa lipate mlango wa kutokea nje moja kwa moja, kibaraza chenye paa, kisha kipande cha ardhi anachokiona mwalimu akiwa ubaoni. Shule ya Crow Island, iliyofunguliwa mwaka 1940 huko Winnetka, Marekani, ilijengwa hivyo: kila darasa lina ua wake, na madirisha yake makubwa yako pande mbili.

Jibu la mwalimu wa darasa la pili
Naunga mkono, na naomba msisahau bomba la nje kwenye kimo cha mtoto, kwa sababu tope likiingia darasani siku mbili mfululizo, mlango huo utafungwa. Maji ya paa nayo msiyafiche ardhini. Yakipita kwenye mtaro wa wazi wenye mawe, watoto wanayaona yakichota mchanga penye mteremko mkali na kuuacha yanapopunguza kasi, na hapo somo la mmomonyoko wa udongo limekwisha kueleweka kabla sijafungua kitabu.

Jibu la mtaalamu wa miti
Kabla ya yote hayo, pimeni miti iliyopo na kuichora kwenye ramani. Shule ya chekechea ya Fuji, Tokyo, iliyokamilika mwaka 2007, iliacha miti mikubwa ipenye paa lake. Kinachoniuma ni kwamba miti mingi huponea kwenye mchoro na kufia kwenye ujenzi: mizizi inayonyonya maji iko karibu na uso wa ardhi na huenea kupita kivuli cha matawi, kwa hiyo malori yakishindilia udongo huo, mti hunyauka taratibu, pengine miaka kadhaa baada ya shule kufunguliwa. Mkandarasi azungushie uzio eneo hilo lote kabla mashine ya kwanza haijaingia, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba.