MJADALA: Mbwa waingie msitu wa Ziwa Duluti, au wabaki nje?

Ndugu zangu wa Arusha na Meru, hoja hii tuliianza juzi tukitoka kanisani, hatukuimaliza. Naileta hapa kwa kuwa wengi mnaotembea Duluti siku za mapumziko sasa mnataka kwenda na mbwa wenu, na wengine mnasema kumkataza mbwa njia ya msituni ni uonevu.

Niseme kwanza mimi ni nani katika jambo hili. Nimestaafu kazi ya mifugo. Nimechanja mbwa Poli, Nkoaranga, Akheri na Sing'isi mpaka watoto wa huko wananijua kwa kelele za pikipiki yangu. Nyumbani nina mbwa wawili, na wa tatu nilimzika mwaka huu na nilimlilia. Kwa hiyo asinijibu mtu kwamba sipendi mbwa. Msimamo wangu ni kwamba ndani ya msitu wa Duluti mbwa wasiingie, hata wakiwa na kamba.

Sababu yangu kubwa ni udogo wa mahali. Ziwa lenyewe ni kama hekta 60. Msitu unaolizunguka ni kama hekta 20 tu, yaani ekari 50. Mzunguko wake ni kama kilomita 3. Gawanyeni wenyewe: kwa wastani upana wa msitu haufiki mita 70. Upande mmoja maji, upande wa pili migomba, kahawa na nyumba za watu. Njia yetu inapita humo humo katikati. Kima akishtuka atakimbilia wapi? Kenge aliyekuwa anaota jua kwenye gogo ataingia majini, sawa, lakini ndege aliyelalia mayai kwenye matete atafanya nini? Kwenye msitu mkubwa mnyama husogea mbwa akapita. Pale hana pa kusogea.

Kuna siku nilimwona mbwa mkubwa, mpole kabisa kwao, anachezewa masikio na watoto. Alimchomoka mwenyewe mkononi, kamba ikiburuzika. Kima walikuwa chini wanaokota matunda ya mkuyu. Wote walipanda, akabaki mdogo mmoja. Mbwa hakumuuma, alimzunguka tu akibweka. Mama yake alishuka mpaka tawi la mwisho, akawa analia huku amenyoosha mkono. Hakuthubutu kugusa ardhi mpaka mbwa alipokamatwa. Yule mwenye mbwa aliomba radhi sana, na ni mtu mwema. Ila tangu siku ile neno "mbwa wangu hana shida" halinitoshi.

La pili ni maradhi. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa wa kufugwa. Inakadiriwa waliokufa ni kama 1,000, theluthi ya simba wote wa kule. Hakuna aliyepeleka mbwa kwa nia mbaya. Walikuwa mbwa wa vijijini tu, hawajachanjwa. Duluti hakuna simba, najua. Lakini somo ni lile lile. Na ziwa lile ni la volkano, halina mto unaoingia wala unaotoka juu ya ardhi. Kinyesi chenye minyoo kikisombwa na mvua kikaingia mle, hakuna mkondo wa kukipeleka mbali.

Haya, nisahihisheni.

*DADA WA NJIRO*
Shikamoo mzee. Nimesoma yote na hesabu yako ya mita 70 imenigusa, sikuwahi kuifikiria. Lakini naomba na wewe ufikirie hili: mimi natembea peke yangu. Mume wangu yuko kazini mbali, marafiki zangu hawapendi kuamka saa kumi na moja. Nilipokuwa natembea bila mbwa, nilifuatwa na vijana wawili kwenye njia ya shambani kwa muda mrefu, wakinisemesha maneno ambayo sitayaandika hapa. Tangu nipate mbwa, hakuna aliyenifuata tena. Mbwa wangu ana kadi ya chanjo, ana mkanda, ana kamba fupi, na mfuko wa kuokotea uchafu wake ninao kila siku. Nimetimiza kila kitu ambacho mtu wa mifugo angeniagiza. Sasa mwanamke kama mimi akitaka kuona ziwa afanye nini? Asubiri mwanaume wa kumsindikiza?

*MWONGOZA WAGENI*
Wageni wangu wengi huniambia kwao mbwa wanatembea msituni kwa kamba bila tatizo. Sawa. Lakini hao hao wanakuja Duluti kwa ajili ya ndege. Wanataka kumwona furukombe na mdiria, na mdiria hakai tawini mbwa anapohema chini yake. Mimi niko na mzee.

*JIRANI WA USA RIVER*
Assalaam aleykum. Kwetu sisi mate ya mbwa ni najisi, na mtu akiguswa nayo ana kazi ya kujitwaharisha kabla ya kuswali. Sisemi mbwa wafukuzwe, mbwa wa ulinzi wapo hata kwa Waislamu. Nasema njia ile ni nyembamba. Mbwa akija mbele yangu, mkono wa kushoto mteremko wa ziwa, wa kulia miti, nipishane naye vipi? Nina watoto wadogo pia.

*MKAZI WA AKHERI*
Mnajadili mbwa wa getini. Mbwa wetu je? Mwanangu akienda kukata majani ya ng'ombe, mbwa wetu, jina lake Simba, anamfuata mpaka pembeni ya msitu, na akinusa kitu anaingia. Hana kamba wala kadi, na hakuna atakayemsimamisha amwulize. Mkiweka katazo, dada wa Njiro mwenye mbwa aliyechanjwa atarudishwa, na Simba wangu atapita nyuma kwenye migomba. Mzee, unafunga mlango wa mbele huku wa uani uko wazi. Sikulaumu, nakuambia tunavyoishi.

*KIJANA WA SAKINA*
Suluhisho jepesi: zitengwe siku. Jumatatu mbwa, siku nyingine wanyama wapumzike.

*MLETA HOJA*
Nianze na kijana wa Sakina, jibu lake ni fupi. Mbwa huacha harufu yake kila anapokojoa, na mnyama wa porini anaisoma kesho yake kama wewe unavyosoma kibao. Siku moja ya mbwa si siku moja kwa kima.

Dada wa Njiro, marahaba mwanangu. Hoja yako ndiyo nzito kuliko zote hapa na sina njia ya kuirukia. Sikutaka kusema mwanamke abaki nyumbani. Ninachosema ni kwamba usalama wako ni haki yako, na haufai kutegemea mbwa, wala gharama yake isibebwe na kima. Ndani ya msitu usalama uwe kazi ya askari wa msitu na waongozaji, na tuwadai kwa sauti. Nje ya msitu, mbwa wako ana nchi nzima: njia za vumbi za Ilboru, vijiji vya juu kuelekea Nkoaranga, barabara za mashamba ya kahawa kwa ruhusa ya wenyewe. Hata Momela na Ngurdoto, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mbwa wa kufugwa haingii, na hatujasikia watu wakiita huo uonevu. Duluti ni ndogo mno kuliko kule. Kwa nini ipewe ulinzi mdogo zaidi?

Mkazi wa Akheri, wewe umenishinda nusu. Ni kweli nilikuwa nawazia mbwa wenye kamba kwa sababu hao ndio wanaoonekana. Simba wako hazuiliki kwa kibao. Anazuilika kwa mambo mawili: kufungwa nyumbani wakati mtoto anapokwenda kukata majani, na kuchanjwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Nimekaa na familia iliyokuwa ikingoja kijana wao akate roho kwa ugonjwa huo, na maji yalipoletwa alikuwa anapiga kelele. Sitaki kuyaona tena. Lakini mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mtoto wa mbwa anapewa akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka.

Kwa hiyo nabadilisha mpangilio wa hoja yangu, sibadilishi hoja. Kabla ya kibao, tuanze na chanjo ya vijiji vinavyolizunguka ziwa. Tusingoje Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Jumamosi watu wote wako soko la Tengeru. Boksi la barafu ninalo, mikono bado haitetemeki. Natafuta watu wawili wa kwenda nami kwa afisa mifugo wa kata kuomba dawa, na wengine wa kuandika kadi.

*MKAZI WA AKHERI*
Mzee, nina watatu na jirani ana wanne. Tutawaleta asubuhi kabla jua halijawa kali. Simba anauma asiowajua, nitamfunga mdomo mwenyewe.

*DADA WA NJIRO*
Bado sikubaliani na wewe kuhusu kamba, na nitaendelea kusema hivyo: mbwa aliyefungwa vizuri na mwenye kadi si sawa na aliyechomoka. Hao askari wa msitu unaowataja, siku wakiwepo saa kumi na mbili asubuhi, nitamwacha wangu nyumbani. Mwandiko wangu ni mzuri. Kadi nitaandika mimi.