Nimekataliwa ruzuku ya biashara, "hujatimiza vigezo". Nakata rufaa vipi?

Fundi_Kisauni: Jamani, habari za jioni. Nashona madera na sare za shule hapa Kisauni. Niliomba ruzuku ya serikali ya biashara ndogo, nikajaza yote. Juzi nikapata meseji: "Ombi halijafaulu. Hujatimiza vigezo." Kigezo gani? Kimya. Umri sawa, kitambulisho ninacho, mteja yuko mlangoni hivi ninavyoandika. Jirani asiye na hata meza kapata! Ofisini nikaambiwa "ni sistimu".

Mzee wa Likoni: Pole, binti yangu. Kama hujuani na mtu, utachakaza viatu bure.

Karani Mstaafu: Mzee, usimkatishe tamaa. Dada, rufaa baadaye. Utapinga nini na hujui ulianguka wapi? Andika barua uombe sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya inakupa haki hiyo. Peleka nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri wataapa barua haikufika; nimekaa nyuma ya meza hiyo miaka mingi, najua. Na jirani mtoe humo, itasomwa kama wivu.

Binti Mtwapa: Laini uliyoombea iko kwa kitambulisho chako? Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Yangu ilikuwa ya marehemu baba, majina hayakulingana, nikatemwa.

Fundi_Kisauni: Wallahi haimo! Ni ya mama, alinisajilia nikiwa kidato cha pili.

Karani Mstaafu: Huenda ndiyo sababu, huenda siyo, kwa hiyo barua iende vilevile. Mwende na mama dukani kwa wenye laini, mkiwa na vitambulisho vyote viwili, umiliki uhamie kwako. Kisha omba ombi lipitiwe upya kwa taarifa sahihi, uambatishe uthibitisho. Siku ya mwisho ya rufaa iulizie kesho asubuhi, usingoje laini. Wakinyamaza, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali bila malipo, na Mombasa wana ofisi.

Fundi_Kisauni: Shukran sana. Mama ana harusi Mjini wikendi hii, laini ni Jumatatu. Barua naiandika usiku huu. Lile neno "sistimu" niliweke?

Karani Mstaafu: Liweke, pamoja na tarehe uliyokwenda na dirisha ulilohudumiwa. Matusi yabaki hapa kwetu.