Kila mwaka gemu ile ile kwa bei mpya: mteja mwaminifu anapata nini?

Mwana Maweni:
Assalam aleikum wachezaji wa Malindi, na jirani zetu wa Lamu. Mimi ni mteja wa gemu ya mpira ya kampuni ya EA tangu ikiitwa FIFA. FIFA 23 ikawa ya mwisho kwa jina hilo, Septemba 2023 ikaja EA Sports FC 24, nami nikafuata. Siku gemu inatoka nalipa dola 70, kama shilingi 9,000 hivi. Haifiki Krismasi, gemu hiyo hiyo inashushwa bei kwa mtu ambaye hakuwa na haja nayo. Kikosi cha Ultimate Team, ile sehemu ya gemu unayojikusanyia wachezaji wako, nilichokijenga mwaka mzima hakihamii toleo jipya, naanza upya na wachezaji wa daraja la chini. Tena duka la mtandaoni la PlayStation halijafunguliwa rasmi Kenya, kwa hivyo naweka akaunti ya Marekani na kununua kadi kwa muuzaji ambaye naye anatia faida yake juu. Suala langu ni hili: anayerudi kila mwaka anapewa nini? Mimi naona kampuni zimeshajua hatuendi popote, ndipo zikatutoza sisi zaidi ya mpita njia. Tusinunue mwaka mmoja, sote, tuone.

Hesabu Kwanza:
Kaka, una uchungu lakini hesabu huna. Bei ya dola 60 ilikuja na kizazi cha mashine za Xbox 360 na PS3, ikakaa hapo hapo mpaka 2020, gemu ya kikapu ya NBA 2K21 ilipotangazwa kwa dola 70 kwenye mashine mpya. Dola 60 za 2006 ukizileta leo ni zaidi ya 90. Gemu imekuwa rahisi, si ghali. Na kushusha bei baadaye si dharau kwako. Samaki wa asubuhi pale bandarini na samaki wa alasiri si bei moja, na hakuna anayemwita mvuvi mwizi. Isitoshe, Malindi hii ni nani hasa ananunua gemu? Vibanda vya kuchezesha gemu karibu vyote mashine zimechipiwa, zimetiwa chipu zisome gemu za kunakili. Anayecheza gemu ya wizi kwa shilingi 20 asilie kuwa ameibiwa.

Mwenye Kibanda, Barani:
Wewe Hesabu Kwanza, umeingia kibanda gani ukafungua mashine ukaiona chipu? Taja. Mimi nina PS4 mbili, gemu zote za diski, na risiti ninazo. Maneno haya ndiyo yanayotuletea askari mlangoni kuomba chai. Wewe unajua gharama ya kibanda? Shilingi 9,000 kwa mechi za shilingi 20 ni mechi 450 kabla sijanunua tokeni ya stima, kabla ya kodi, kabla ya pedi za kuchezea. Pedi zenyewe zinakufa ndani ya miezi: mpira wa kile kijiti cha kumwendesha mchezaji unalika mpaka unabaki ukingo mkali wa plastiki, mchezaji anaanza kutembea peke yake kuelekea kushoto, na mwenye kufungwa anadai mechi irudiwe bure. Halafu nisikie mimi ndiye mwizi!

Mpiga Pasi:
Mwenye Kibanda, tusizungumzie wizi ukasahau wako. Kibanda chako mechi ni dakika nne nne. Wenzako Kisumu Ndogo wanaweka sita, bei ile ile. Na ikienda penalti unasema muda umekwisha, lipa tena. Mimi nimetolewa nusu fainali hivyo hivyo.

Mwenye Kibanda, Barani:
Ulitolewa kwa sababu ulifungwa. Penalti zinalipiwa tangu zamani na bango liko ukutani.

Mkunguni, Lamu:
Jamani, mwenye mada aliuliza mteja mwaminifu anapata nini. Naleta mfano. Kampuni ya Nintendo ilitoa mashine ya mkononi ya 3DS mwaka 2011 kwa dola 250, haikuuzika walivyotaka, miezi michache tu wakaishusha mpaka 170. Wale waliowahi kununua walikasirika kama unavyokasirika wewe. Kampuni ikawapa gemu 20 za bure, 10 za NES na 10 za Game Boy Advance, mashine zake za zamani, na jina la heshima wakaitwa mabalozi. Kwa hivyo inawezekana kumlipa aliyekuamini mwanzo. Hata hao EA wenu, Julai 2022 kule India FIFA 23 ya rupia 4,799 iliwekwa dukani kwa 4.80 kwa makosa, na walioshanunua wakaachiwa. Wakitaka, wanaweza. Swali ni kwa nini mpaka waaibike kwanza.

Hesabu Kwanza:
Mkunguni, hayo ni matangazo ya biashara. Gemu 20 zile zilikuwa za kale, hazikuwagharimu kitu. Na Mwenye Kibanda sikumtaja kwa jina, kama limemkaa basi ni lake.

Mama wa Ngala:
Nyinyi wanangu mnagombana mambo ya dakika za mechi, naomba na mimi mnisikilize. Kijana wangu wa miaka 12 hachezi kibandani, anacheza kwenye simu yangu, gemu ya kupigana risasi, na gemu yenyewe ni ya bure. Bure! Mwezi uliopita amenunua almasi humo kwa M-Pesa yangu, shilingi 200, 300, 200 tena, mpaka nikakosa pesa ya fundi cherehani. Namba ya siri ameiona nikiibonyeza. Nimemwuliza almasi ni kitu gani, akasema ni za kuzungushia gurudumu labda utoke na nguo ya mchezaji. Labda! Mimi hiyo naiita kamari. Bei ya dola 70 angalau mtu anaijua akitoka nyumbani.

Mpiga Pasi:
Mama, shikamoo. Hapo umegonga penyewe. Kuna nchi imepiga marufuku, kama si Uholanzi ni Ubelgiji.

Mkunguni, Lamu:
Ni Ubelgiji. Tume yao ya michezo ya kamari ilitoa uamuzi 2018 kwamba yale masanduku ya bahati yanayouzwa kwa pesa, unayolipia bila kujua ndani mna nini, ni kamari, na EA ikaacha kuuza huko Januari 2019 pointi za FIFA, zile za kununulia pakiti za wachezaji. Uholanzi waliwapiga EA faini ya yuro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama yao ya juu ya utawala ikaifuta. Na mwaka 2019 EA walipoitwa na kamati ya bunge la Uingereza, mwakilishi wao alisema si kamari, ni mambo ya kushtukiza tu, akayalinganisha na mayai ya Kinder.

Mama wa Ngala:
Yai la Kinder nalinunua mimi, dukani, mchana, na mtoto hawezi kula mayai thelathini usiku mmoja nami nimelala. Huyo mwakilishi ana watoto?

Hesabu Kwanza:
Mama, kwa heshima zote, simu ni yako na namba ya siri ni yako. Kampuni haikuingia chumbani kwako.

Mwenye Kibanda, Barani:
Hesabu Kwanza, hebu zungumza na mama kwa adabu. Watoto wanaokuja kwangu wanalipa 20, wanaona mwisho wa 20 yao, wanarudi nyumbani. Mimi mnaniita mwizi, na aliye mbali anayemtoa mtoto 700 bila kumwona uso mnamwita mfanyabiashara.

Mama wa Ngala:
Na wewe mwanangu usijitoe. Watoto wakitoka chuoni alasiri wanapitia kwako na juzuu mkononi, mpaka magharibi inaadhiniwa wako humo. Mwalimu amelalamika.

Mwenye Kibanda, Barani:
Mama, adhana ikilia nazima. Uliza mtaa mzima.

Mpiga Pasi:
Anazima, hiyo ni kweli. Hata kama mtu anaongoza mbili bila.

Mwana Maweni:
Nimesoma yote. Hesabu Kwanza, hukunijibu. Hiyo hesabu yako ya dola 90 ingekuwa na maana kama ningelipa 70 nikaachwa nicheze. Ninalipa 70, halafu ndani naambiwa nikitaka kikosi cha kushindana ninunue pointi, halafu Septemba vyote vinabaki nyuma. Na gemu za zamani seva zao zinazimwa, kwa hivyo hata ukisema ubaki na ile ya zamani, kucheza na watu wa mbali kuna siku kutaisha. Unaita hiyo rahisi? Waliokwenda kwa kampuni ya Konami nao wamekuta yale yale: gemu yao ya mpira, PES, ikageuka eFootball mwaka 2021, ikawa ya bure, na wachezaji wazuri unawabahatisha kwa sarafu. Mama wa Ngala na mimi shida yetu ni moja. Mimi nakamuliwa kwa kupenda mpira, mwanawe kwa kupenda nguo za mchezaji.

Hesabu Kwanza:
Basi usinunue. Lakini nakujua, Septemba utakuwa wa kwanza.

Mwana Maweni:
Hunijui. Nimeshazungumza na wanne tunaocheza pamoja, hakuna anayenunua kabla ya bei kushuka, na pointi hatutii hata shilingi.

Mwenye Kibanda, Barani:
Mimi pia mwaka huu nabaki na diski ya zamani. Wateja wangu wanakaa benchi moja, seva siihitaji. Atakayetaka vikosi vipya aje tuvirekebishe kwa mkono, mchezaji mmoja mmoja.

Mpiga Pasi:
Na dakika ziwe sita.

Mwenye Kibanda, Barani:
Tano. Na penalti unalipa.

Mama wa Ngala:
Kuna anayejua namna ya kufunga hiyo simu isinunue kitu bila mimi? Ni ya Android.

Mkunguni, Lamu:
Ndiyo Mama. Ingia Play Store, bonyeza picha ya akaunti yako, nenda kwenye mipangilio, hapo kuna sehemu ya kuthibitisha ununuzi, weka idai uthibitisho kila mara. Halafu badilisha na namba ya siri ya M-Pesa leo hii, na uibonyeze ukiwa peke yako.