Tanzania kwenye riadha: tuna nchi au tuna Simbu?

Mlinzi wa Getini (mleta mada):
Wakuu, salaam. Tangu Simbu achukue dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kila kijiwe naambiwa Tanzania imerudi kwenye ramani ya riadha. Imerudi na nani? Olimpiki tuna medali mbili tangu tuanze kwenda, zote za fedha, zote za Moscow 1980: Bayi kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Nyambui mita 5,000. Mashindano ya dunia tuna Isegwe fedha Helsinki 2005, Simbu shaba London 2017, na hii dhahabu. Zote za marathoni. Uwanjani hatupo kabisa.

Linaloninyima usingizi ni hili: rekodi ya taifa ya mita 1,500 bado ni ya Filbert Bayi, 3:32.16, aliyoiweka Christchurch Februari 1974. Aliyezaliwa siku ile leo anaitwa babu, na bado hajatokea Mtanzania wa kuigusa. Sasa sisi ni nchi ya riadha, au tunasubiri mkimbiaji mmoja kila miaka kumi kama mvua ya Dodoma? Maana Wambulu, wanaotutolea wakimbiaji, wakiamua kulima vitunguu tu, tumekwisha.

Jirani wa Namanga:
Habari zenu majirani. Hongera kwa Simbu, nilikuwa naangalia, karibu nianguke kwa kiti. Lakini hizo za Moscow msizihesabu kwa sauti. Kenya haikuenda 1980, tuliungana na waliogoma. Henry Rono alikuwa na rekodi ya dunia ya 5,000 na ya viunzi na maji, zote mbili tangu 1978. Hizo hizo mbio mlizopata fedha. Paka akitoka panya hutawala.

Hasira Hasara:
Nilijua tu atatokea Mkenya. Ndugu, asiyekuwepo na lake halipo. Mbona Montreal 1976 huitaji? Bayi alikuwa ndiye mwenye rekodi ya dunia ya 1,500, Afrika ikagoma kwa sababu New Zealand walipeleka timu ya raga kwa makaburu, akabaki nyumbani. Dhahabu akachukua nani? John Walker, wa hao hao New Zealand! Yule yule aliyekula vumbi la Bayi Christchurch. Je, tulienda kumwambia Walker medali yako haina utamu? Tulinyamaza kwa sababu tuligoma kwa ajili ya ndugu zetu. Leo mtu amekaa na chai yake anatufutia Moscow.

Jirani wa Namanga:
Relax bro. 1976 hata sisi tuligoma, si nyinyi peke yenu.

Hasira Hasara:
Basi hesabu yako ya paka na panya ipeleke pia kwa Walker. Halafu angalia mbio yenyewe ya Moscow. Bayi alitoka mbele kama mwizi wa kuku, akaacha watu mbali, mpaka mzunguko wa mwisho Malinowski wa Poland akamkuta kachoka. Alimaliza 8:12.48. Huo si muda wa panya. Na Nyambui alipishana na Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Yifter naye ni panya?

Binti Katesh:
Mimi siko Moscow wala Montreal. Narudi kwa mleta mada na "Wambulu" wake. Kaka Mlinzi, nani amekuambia mbio ni za Wambulu? Kwanza Mbulu ni mahali. Sisi wengine ni Wairaqw, wengine Wabarbaig, na kila mtu mnamweka kwenye gunia moja la "Mmbulu" halafu mnalifunga kamba. Pili, Nyambui ni mtu wa Majita huko Musoma, ziwani, samaki. Ikangaa, yule wa marathoni, ni wa Dodoma. Simbu mwenyewe ni wa Singida. Hao nao wanalima vitunguu?

Na hivyo vitunguu unavyovidharau, vya Mang'ola, ndivyo vilivyo kwenye kachumbari yako ya jioni.

Mlinzi wa Getini:
Dada, ilikuwa utani tu. Nimesema Wambulu kwa heshima, maana ndio wametubeba.

Binti Katesh:
Kubeba mmetubebesha. Ukishasema ni kipaji cha kabila umejisamehe kila kitu: uwanja haujengwi, kocha halipwi, kwa nini alipwe wakati watu wamezaliwa na mbio? Kisha mtoto wa Karatu akishindwa mnasema kabila limelegea.

Mpiga Debe Mstaafu:
Hapo dada umempa za uso. Ila tuwe wakweli, ile ya Tokyo ilikuwa bahati. Sekunde 0.03! Mjerumani alijitupa mstarini, ungeweza kurusha shilingi.

Hasira Hasara:
BAHATI?! Mtu kakimbia kilomita 42 na ushee, kwenye joto la Tokyo, wengine wanaanguka njiani, anaingia uwanjani yuko nyuma, anamkamata huyo Mjerumani, Petros, kwenye mita za mwisho, wote wanaandikiwa 2:09:48, unaita bahati? Bahati ni kuokota noti kwenye suruali ya mtumba. Kwa taarifa yako, fainali ya mita 100 ya wanaume mashindano yale yale iliamuliwa kwa sekunde 0.05. Marathoni ilikuwa karibu zaidi kuliko mita 100!

Mpiga Debe Mstaafu:
Umejijibu mwenyewe. Hata Simbu alisema alipovuka hakujua kama ameshinda mpaka alipoona jina lake kwenye skrini. Mwenyewe hajui, wewe wa Mbagala unajua?

Hasira Hasara:
Siishi Mbagala.

Mpiga Debe Mstaafu:
Hasira hizo ni za foleni ya Mbagala.

Kiatu Kimoja:
Wakuu, msisahau Ikangaa. Yule alishinda Boston miaka ya themanini huko, mara tatu mfululizo, Wakenya wakiwa wanamwangalia mgongo.

Jirani wa Namanga:
😂😂😂 Mzee, Boston alikuwa wa pili mara tatu. 1988 mbele yake alikuwa Ibrahim Hussein. Wa wapi? Malizia.

Kiatu Kimoja:
Sawa, wa pili. Lakini New York 1989 alishinda, 2:08:01. Nilichanganya miji, si mtu. Na kama ni Boston, 2023 Gabriel Geay wetu alikuwa wa pili na Kipchoge wenu akawa wa sita. Hapo mgongo uliangaliwa na nani?

Jirani wa Namanga:
Na wa kwanza alikuwa Evans Chebet. Nyinyi mnapenda sana nafasi ya pili, mnaijua mpaka jina la mtaa. Valencia 2022 Geay huyo huyo alikimbia 2:03:00, muda wa hatari, akawa wa pili. Nyuma ya nani? Kiptum wetu, Mungu amlaze pema. Tokyo 2025 sisi tulitoka na dhahabu 7. Saba. Nyinyi mna moja mmeifungulia mjadala.

Shangazi wa Kinondoni:
Jirani, na orodha ya waliofungiwa kwa dawa mnaongoza na nafasi gani? Nauliza tu, mimi ni mama mtu mzima.

Jirani wa Namanga:
Shikamoo shangazi. Hilo ni donda, sitabisha, linatuuma kuliko linavyowachekesha. Lakini Kipchoge Keino alimpiga Mmarekani Jim Ryun kwenye 1,500 Mexico 1968 kwa ugali na maziwa.

Shangazi wa Kinondoni:
Marahaba mwanangu. Na rekodi ya dunia ya huyo Ryun ya 1,500 ilivunjwa na nani? Bayi, wa Karatu. Nawe umepata kitu cha kwenda kuwasimulia kwenu.

Mti Mkavu:
Naomba niseme jambo moja lisilo la hasira. Watu wetu hawakimbii 1,500 kwa sababu 1,500 hailishi familia. Mbio za barabarani unaweza kufanya mazoezi peke yako kwenye vumbi, ukapata wakala, ukaenda mbio moja nje, ukarudi na hela ya kuezeka nyumba. Mita 1,500 inataka uwanja wenye njia za kisasa, inataka mtu wa kukupima kwa saa kila wiki, inataka uende Ulaya kiangazi chote kukimbia na walio bora kuliko wewe. Nani anagharamia? Bayi, Ikangaa na Simbu wote walilelewa na jeshi, JWTZ. Nyambui na mkimbiaji mwenzake Shahanga walisoma chuo Texas, El Paso, huko ndiko walikopata mashindano ya kutosha. Toa jeshi, toa chuo cha Mmarekani, niambie kinabaki nini.

Mpiga Debe Mstaafu:
Kinabaki Simba na Yanga.

Kiatu Kimoja:
Kinabaki "goli la Mama", ile zawadi ya Rais Samia. 2023 lilianza kwa milioni tano kwa kila goli la Simba na Yanga mashindano ya Afrika. Tungekuwa na "kilomita ya Mama", Simbu angekuwa na ghorofa 42 na kibaraza.

Mwana Jangwani:
Msiingize Yanga kwenye shida zenu za mbio. Goli linafungwa na watu kumi na moja, linagawanywa. Halafu mnaosema mpira unakula hela, uwanja mkubwa wa Taifa ambao wakimbiaji wanautumia ulijengwa kwa sababu ya nini? Mpira. Mshukuru.

Mti Mkavu:
Sijagusa Yanga, ndugu.

Mwana Jangwani:
Lakini umenyamaza wakati wengine wanagusa.

Mwalimu Mstaafu wa Hanang:
Vijana, nimesoma yote. Nilifundisha shule ya msingi chini ya mlima Hanang miaka mingi, michezo ilikuwa yangu kwa sababu walimu wengine walikuwa na magoti mabovu. Uwanja wetu tuliuchora kwa majivu ya jikoni kwa mama mpishi. Mzunguko mmoja tulikadiria mita mia tatu na kitu, maana kona moja ilikuwa inazunguka shamba la mahindi la mtu, na mwenye shamba alikuwa mkali.

Siku moja kulikuwa na binti wa darasa la sita, amevaa katambuga za tairi, akazivua, akazishika mkononi, akaanza kukimbia nazo. Nilimwambia aziweke chini, akasema zitaibiwa. Mizunguko mitano. Wavulana aliwaacha mzunguko wa pili. Mimi napima kwa simu. Mzunguko wa mwisho, akiwa anaingia kona ya mahindi, simu ikaita, mama mkwe. Nikabonyeza nisijue nimebonyeza nini. Saa ikarudi sifuri. Yule mtoto akafika, anahema, ananiuliza, "Mwalimu, ngapi?" Sikuwa na cha kumwambia.

Tulipokwenda mashindano ya wilaya, gari lililotolewa lilijaa timu ya mpira. Wakimbiaji wakaambiwa wasubiri gari la pili. Tulikaa kwenye magogo ya shule mpaka saa kumi jioni, kisha nikawaruhusu waende kuchunga.

Mpiga Debe Mstaafu:
Shikamoo mwalimu. Pole sana. Lakini kwa nini hukuizima laini kwanza?

Mwalimu Mstaafu wa Hanang:
Marahaba. Wewe unaweza kuzima simu mama mkwe akiwa safarini kuja kwako?

Kiatu Kimoja:
Mwalimu ana hoja. Mimi wangu alinikosa mara moja tu mwaka juzi, mpaka leo naitwa "huyo".

Shangazi wa Kinondoni:
Wanaume mnaogopa mama mkwe kuliko Wakenya. Tungewapeleka wao Tokyo wawafuate kwa nyuma.

Mti Mkavu:
Mwalimu, yule binti yuko wapi sasa?

Mwalimu Mstaafu wa Hanang:
Yupo Katesh, anauza mitumba siku za mnada. Ana watoto wawili. Nikipita huwa ananiuliza, "Mwalimu, simu imepona?"

Binti Katesh:
Mwalimu, kama ni yule anayekaa karibu na wauza magunia, namjua. Mkimbize hata leo, mtu akimwibia gauni mnadani hafiki barabarani. Na kwa mnaoimba Simbu, Simbu: Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin 2023, 2:18:41, rekodi ya taifa ya wanawake. Mjadala mzima huu hakuna aliyemtaja. Wanaume thelathini mmebishana na mama wakwe zenu.

Jirani wa Namanga:
Huyo Magdalena nakubali. Berlin si mchezo. Dada, wewe ndiye wa kwanza hapa kuniambia kitu nisichokijua.

Hasira Hasara:
Sasa Mkenya ameanza kutongoza.

Mpiga Debe Mstaafu:
Mpe nafasi, labda atashinda kwa sekunde 0.03.

Mlinzi wa Getini:
Wakuu, nimetoka zamu, nimesoma kurasa zote. Nimekuta Montreal, Mbagala, Yanga, mama mkwe na sasa uchumba. Mti Mkavu peke yake ndiye aliyegusa nilichouliza. Narudia kwa unyenyekevu: 3:32.16, tangu 1974. Nani anaijua shule moja, moja tu, ambako leo kuna mtoto anafundishwa 1,500 kwa saa isiyopigiwa simu?

Binti Katesh:
Omba radhi kwanza kuhusu vitunguu.